Riba Ikipanda, Shamba Li Rehani

Mkulima wa kahawa wa Meru anayetaka kuweka hati ya shamba rehani benki mjini Arusha, kwa mkopo wa riba inayobadilika, hana budi kupiga hesabu mara mbili. Deni la Sh. milioni 10 kwa riba ya asilimia 15 hutozwa Sh. milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa asilimia 18, Sh. milioni 1.8. Ongezeko ni Sh. 25,000 kila mwezi, ilhali fedha za kahawa huja kwa msimu.

Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6 Aprili 2024, ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025. Mkopaji aulize: mkataba unafuata kipimo gani, na kikomo ni kipi? Pasipo kikomo, na akiba ikiwa haitoshi kuvuka msimu mbaya, hati ibaki nyumbani.