Jicho na Mishipa Yake: Picha Inayoonyesha Damu Ikipita
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mlioko darasani Mchafukoge, na ninyi wa Kariakoo mliofunga biashara sasa hivi, sogeeni karibu na redio. Wewe uliyekosa kusikia, utasoma maneno haya haya katika karatasi hii, polepole, kwa nafasi yako. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja: MSHIPA.

Neno hili hutuletea taabu. Twasema mshipa tukitaja njia ya damu. Tena twasema mshipa, au mshipa wa fahamu, tukitaja uzi unaopeleka habari mpaka kwenye ubongo. (Uko na mshipa wa tatu, ambao wazee hawautaji mbele ya watoto, lakini huo si somo la leo.) Basi leo tutagawanya. Njia ya damu tutaiita mshipa. Uzi wa habari tutauita neva. Andika: NE-VA.

Nyuma ya jicho lako kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Kutoka katika utando huo hutoka nyuzi ndogo sana, yapata milioni moja kwa kila jicho. Nyuzi hizo hukusanyika mahali pamoja, zikafungwa kama kamba, zikaelekea ubongoni. Kamba hiyo ndiyo neva ya jicho. Jicho hupokea, neva hupeleka, na ubongo ndio unaojua kwamba huyu ni mama na ile ni daladala.

Tuseme sasa kuna kijana wa miaka 20, anauza mashati Mtaa wa Kongo. Macho yake hayaumi, hayana wekundu, hayatoi machozi. Walakini kwa muda wa wiki chache anaona ukungu katikati ya kila kitu. Akimtazama mtu anaona mabega na masikio, uso hauonekani vizuri. Rangi nyekundu imefifia. Noti ya elfu kumi anaidhania ya elfu mbili, anarudisha chenji isiyo sawa, na mwenye duka anaanza kumtilia shaka. Jioni anakuja darasani, herufi hazionekani, na wenzake wanasema kichwa chake ni kizito. Ananunua miwani barabarani. Haimsaidii. Anabadili nyingine. Nayo haimsaidii.

Kwa nini? Miwani hunyoosha mwanga unaoingia jichoni. Haiwezi kutengeneza kamba iliyo nyuma ya jicho. Redio yako ikiwa na waya uliokatika, utazungusha kitufe mpaka usiku bila kupata sauti.

Kijana huyu nimemtunga mimi, lakini ugonjwa wenyewe sikuutunga. Tangu mwaka 1988 madaktari wa macho wa Dar es Salaam walianza kuona vijana wengi, na hata watoto wa shule za msingi, wenye hali hii katika macho yote mawili. Baadhi yao walikuwa na ganzi au moto miguuni, na wengine masikio yao yalipungua kusikia. Katika miaka ya 1990 habari hii iliandikwa katika majarida ya madaktari ulimwenguni, na jina la mji wetu likatajwa humo. Wakati huo huo kisiwa cha Cuba kilikuwa na taabu inayofanana na hiyo. Kati ya mwaka 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 waliugua huko.

Sasa daktari anajuaje kama neva imeharibika, nayo imejificha ndani ya kichwa? Hapa ndipo mishipa ya damu inapotusaidia.

Jicho ni mahali ambapo daktari anaweza kuona mishipa ya damu bila kupasua kitu. Tangu mwaka 1851, alipotokea Mjerumani Hermann von Helmholtz na chombo chake cha kutazamia, daktari anaweza kuchungulia kupitia mboni mpaka ule utando wa nyuma. Huko huona duara dogo, upana wake kama milimita moja na nusu. Ni kichwa cha neva. Kwa mtu mzima wa afya rangi yake ni ya waridi, kwa sababu imejaa mishipa myembamba kuliko unywele. Nyuzi za neva zikifa, duara hilo hupauka. Kwa wagonjwa wa Dar es Salaam, sehemu iliyopauka mara nyingi ni ile ya upande wa sikio, maana huko ndiko zinakopita nyuzi za kuonea katikati: nyuzi za kusomea na za kutambua nyuso.

Lakini jicho la daktari huweza kukosea. Mmoja husema imepauka, mwingine husema bado. Kwa hiyo watu wakatafuta picha. Mwaka 1961 wanafunzi wawili wa udaktari huko Marekani, Novotny na Alvis, walieleza namna ya kupiga picha za mishipa ya jicho. Mgonjwa hupigwa sindano ya rangi mkononi, rangi inafika jichoni na damu, na kamera inapiga haraka haraka. Njia hiyo ingali ikitumika. Huonyesha vizuri mshipa unaovuja. Mgonjwa hubaki na ngozi ya manjano kidogo kwa siku ile, na mkojo pia, asiogope.

Mwaka 1991 ilitangazwa mashine nyingine, nayo huitwa kwa herufi tatu: OCT. Hutumia mwanga tu. Unaweka kidevu mahali pake, unatazama alama moja, unatulia. Haigusi jicho, haiumi. Hupima unene wa tabaka za utando kama mtu anayehesabu kurasa za kitabu kwa kutazama ubavuni. Mwaka 2013 ilichapwa taarifa ya wagonjwa wa ugonjwa huu wa Dar es Salaam waliopigwa picha hizo. Tabaka la nyuzi lilikuwa limekonda, na kwa baadhi yao vilionekana vishimo vidogo mno ndani ya utando.

Katika miaka ya 2010 mashine hiyo ilifunzwa kuonyesha damu ikipita. Panda juu ya ghorofa, upige picha ya Mtaa wa Uhuru, kisha upige tena bila kusogea. Linganisha picha mbili. Nyumba hazikubadilika. Waliobadilika ni watu, mikokoteni na pikipiki. Ukifuta yote yaliyo sawa, kitakachobaki ni njia wanamopita watu. Mashine hufanya hivyo hivyo: kinachobadilika ndani ya jicho ni chembe za damu zinazotembea, basi huchora ramani ya mishipa bila sindano. Mshipa ambao damu haipiti hauchorwi. Hata damu ikienda polepole mno yaweza kukosekana, na mgonjwa akitikisa jicho ramani huharibika.

Kwa ramani hizo imeonekana kwamba katika magonjwa mengi ya neva ya jicho, pamoja na ile presha ya macho ya wazee wetu, mahali nyuzi zilipokonda ndipo mishipa midogo nayo ilipopungua. Pengine utauliza, kipi kilitangulia? Mabishano hayajaisha, hasa kwa presha ya macho. Kwa magonjwa mengi mimi naona maelezo haya yana nguvu: maduka ya uchochoro yakifungwa, mama lishe naye huhama. Nyuzi zikifa, damu haina wa kumlisha. Picha ya namna hiyo humwambia daktari kwamba uharibifu ni wa zamani. Nyuzi iliyokufa hairudi kwa dawa yoyote. Ndiyo sababu kijana wetu hapaswi kungoja miezi sita akibadili miwani. Aende kliniki ya macho, kama ile ya Hospitali ya Muhimbili, wiki ile ile, na amweleze daktari habari ya miguu na masikio pia.

Chanzo hakijathibitishwa. Huko Cuba watu wote waligawiwa vidonge vya vitamini mwaka 1993, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Uchunguzi wa hapa kwetu uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha mambo mawili yanayoandamana na ugonjwa: upungufu wa foleti mwilini, na moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Foleti ni vitamini iliyomo katika mchicha, maharage na kunde, navyo vyapatikana Kariakoo kila asubuhi. Usiuchemshe mchicha mpaka ulegee ukamwaga maji yake. Jiko la mkaa nalo, mama, litoe uani.

Kazi ya wiki hii. Funika jicho la kushoto, tazama uso wa mwenzako. Je, pua na mdomo vinaonekana? Kisha funika la kulia. Halafu tazameni kanga nyekundu, wote wawili, na kila mmoja aseme wekundu wake ni mkali au umefifia. Mwalimu aandike jina la yeyote ambaye majibu yake ni tofauti na ya wenzake, ampeleke kliniki. Kwaherini mpaka Jumanne.