Tarehe ya kujifungua hukadiriwaje?

MJAMZITO anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, miongoni mwa maswali ya mwanzo anayoulizwa na mkunga ni hili: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Wapo wanaojibu kwa kubahatisha, wakidhani ni suala la kujaza kadi tu. Ukweli ni kwamba jibu hilo ndilo msingi wa hesabu yote ya ujauzito.

Mimba huhesabiwa kuwa ya siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kanuni itumikayo, iliyopewa jina la daktari wa Ujerumani, Franz Naegele, ni rahisi: ongeza siku saba katika tarehe hiyo, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Mama ambaye hedhi yake ilianza Juni 5 hutarajiwa kujifungua Machi 12 ya mwaka unaofuata.

Hata hivyo, kanuni hiyo huchukulia kwamba mzunguko wa hedhi ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 huongezewa wiki moja, hivyo tarehe yake husogea hadi Machi 19. Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, au baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango, huenda asiwe na hedhi ya kuaminika ya kuhesabia. Wengine hutokwa na damu kidogo mwanzoni mwa mimba wakadhani ni hedhi.

Hapo ndipo kipimo cha ultrasaundi kinapohitajika. Katika wiki 13 za mwanzo, urefu wa mtoto tumboni huonyesha umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba tu. Miezi ya mwisho, tofauti hiyo hufikia wiki tatu au zaidi. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe kipimo hicho mara moja kabla ya wiki ya 24.

Kosa la wiki chache si dogo. Mtoto azaliwaye kabla ya wiki ya 37 ni njiti na huenda akahitaji uangalizi maalumu, ilhali mimba inayopita wiki ya 42 huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Tarehe ikikosewa, mama anaweza kuanzishiwa uchungu mapema mno, au akaachwa akisubiri kupita kiasi.

Hata iliyokadiriwa vizuri, tarehe hiyo si ahadi. Ni takriban mtoto mmoja tu kati ya 20 azaliwaye siku hiyohiyo. Ikipita, mama asiingiwe na hofu, bali arudi kliniki kwa uchunguzi. Na kila anayetarajia kushika mimba aandike tarehe ya hedhi yake kila mwezi. Kalenda ya ukutani yatosha.