Mtungi wa Upepo Upimwe kwa Maji

Mtungi wa kompresa unaojaza upepo matairi Kasulu au Kibondo ukichomelewa upya, weldi nzuri kwa macho haitoshi: nyufa na vitundu hujificha ndani ya mshono. Chombo cha shinikizo kikipasuka huua: mlipuko wa boila mjini Brockton, Marekani, mwaka 1905, uliua watu 58 na kuchochea kanuni za boila za 1915 za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani. Wapo wasemao mtungi wao haujawahi kuvuja. Lakini kila ujazaji waweza kurefusha ufa, na mtungi huweza kupasuka bila kuvuja kwanza. Wengine hulalamikia gharama. Hata hivyo, kupima kwa maji, kwa shinikizo kubwa kuliko la kazi, huhitaji pampu na geji tu. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukishindwa haurushi vipande kwa nguvu. Baada ya hapo, wakaguzi wa OSHA, wakala wa Tanzania wa usalama na afya mahali pa kazi, waitwe kabla mtungi haujarudi kazini.