Mtoto anapohariri video ya familia, madoido yasimfunike bibi

Siku hizi sherehe haiishi wageni wanapoondoka. Kipaimara, mahafali, harusi au mkutano wa ukoo huendelea kwenye simu wiki nzima, video zikirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Iwe ni Buigiri, Mvumi au Chamwino Ikulu mkoani Dodoma, fundi wa kuunga video hizo mara nyingi ni kijana wa nyumbani aliyejifunza mwenyewe kwa kubonyezabonyeza simu.

Mzazi humwona kijana ameinamia simu saa mbili nzima akadhani anamaliza bando tu. Huenda kweli anamaliza bando, lakini pia huenda anafanya kazi inayohitaji subira, hesabu na uamuzi. Anachohitaji ni mtu mzima wa kumuuliza maswali sahihi kabla kumbukumbu ya familia haijaharibika.

Kuharibika huko hutokea kirahisi. Bibi anarekodiwa akisimulia kwa Kigogo jinsi walivyohamia kijijini. Video inarudi ikiwa na mioyo inayodunda, nyota zinazozunguka, moto pembeni na wimbo wa Bongo Fleva uliomzidi sauti. Kila mtu anacheka na kuisifu. Miaka mitano baadaye familia inataka kumsikia bibi alisema nini, na video halisi ilishafutwa ili simu ipate nafasi.

Mpito una maana yake

Video huundwa kwa vipande. Namna ya kutoka kipande kimoja kwenda kingine ndiyo huitwa mpito. Ulio rahisi kuliko yote ni kukata: picha hii inaisha, ile inaanza. Mwingine ni kuyeyusha, ambapo picha ya kwanza inafifia huku ya pili ikijitokeza ndani yake. Upo pia wa kuingia gizani, picha ikizimika taratibu kabla nyingine haijawaka.

Mambo haya ni ya zamani. Mfaransa Georges Méliès alitumia kuyeyusha picha katika filamu yake *Cendrillon* ya mwaka 1899. Leo programu za simu kama CapCut, InShot na KineMaster zinafanya kazi hiyo kwa kugusa alama ndogo iliyo kati ya vipande viwili.

Urahisi huo ndio mtego. Programu ina mipito mingi, na kijana anataka kuijaribu yote katika video moja. Mzazi anaweza kumsaidia kwa kumweleza kazi ya kila mmoja. Kukata humwambia mtazamaji kwamba bado tuko mahali pale pale na wakati ule ule. Kuyeyusha humwambia kwamba muda umepita, kwa mfano kutoka maandalizi ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Kuingia gizani hufunga sura nzima ya habari. Mpito wa kuzungusha picha au kuipasua vipande hauna habari hiyo. Huchangamsha mara moja, na ukirudiwa mara kumi huchosha macho.

Ipo na hesabu ya kuzingatia. Katika programu nyingi, mpito wa kuyeyusha hula sehemu ya vipande vyote viwili kwa sababu vinapandana. Vipande 10 vya sekunde 4 kila kimoja vinatoa sekunde 40. Vikiwekewa mipito 9 ya sekunde 1, video inabaki na sekunde 31. Ndiyo maana mwisho wa sentensi ya mzungumzaji humezwa na wimbo hupishana na picha. Dawa yake ni kuanza kurekodi sekunde mbili kabla ya tukio na kuacha sekunde mbili baada yake, na kuufanya mpito uwe mfupi, nusu sekunde hivi.

Ngoma yenyewe huonyesha pa kukata

Chamwino ina shule nzuri ya jambo hili, nayo ni muziki wa Wagogo. Tamasha la Muziki wa Cigogo, linaloandaliwa na Chamwino Arts Centre, hukusanya vikundi vya ngoma kutoka vijiji mbalimbali, na simu za kurekodi hazikosekani. Katika muheme, wanawake ndio wapigaji, wakiwa wameibana ngoma katikati ya mapaja huku mapigo yakijibizana.

Kijana akisikiliza mapigo hayo, atajua mwenyewe pa kukata. Picha ikibadilika penye pigo zito, jicho hukubali bila kusumbuka. Ikibadilika katikati ya pigo, mtazamaji huhisi kasoro hata kama hawezi kuieleza. Tena kipande kisiwe kifupi mno. Uchezaji wa Wagogo uko miguuni na mabegani, na mtu anahitaji muda kuuona. Mpito wa kumulika mwanga kila sekunde unaficha kile kile watu walichokuja kukitazama.

Sauti nayo ipewe heshima yake. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyetoka mkoani Dodoma na kufariki mwaka 2003, bado anasikika duniani kwa zeze na ilimba kwa sababu aliyemrekodi alitunza sauti safi. Bibi wa nyumbani anastahili uangalifu huo huo. Wimbo wa nyuma ukihitajika, uwekwe mwanzo na mwisho, na anapoanza kusema ushushwe au uzimwe.

Kuweka tabaka juu ya picha

Doido la pili linalopendwa ni kuweka kitu juu ya video: maandishi, stika, picha nyingine, au video ndogo pembeni. Programu hupanga vitu hivi kama matabaka, mfano wa kanga zilizotandikwa moja juu ya nyingine. La juu hufunika la chini, isipokuwa likipunguzwa ukolezo. Likiwa na ukolezo wa asilimia 100 linaziba kabisa. Likishushwa hadi 30, kilicho chini kinaonekana kwa kupenyeza.

Hapo pana nafasi ya kufanya jambo zuri. Picha ya zamani ya babu inaweza kuwekwa juu ya video ya shamba la zabibu la Chinangali au la uwele kijijini, ikafifia taratibu mpaka shamba likabaki peke yake. Hakuna stika inayoweza kusema zaidi ya hapo.

Lenye faida kubwa kuliko yote ni maandishi ya tafsiri. Watoto wengi waliokulia mjini hawasikii Kigogo vizuri. Kijana akikaa na shangazi au mjomba, wakatafsiri sentensi moja moja na kuziweka chini ya picha kwa Kiswahili, video ya dakika tatu inageuka kuwa somo la lugha. Maandishi yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja, yawe na kivuli au kisanduku nyuma ili yasomeke juani, na yakae kwa muda wa kutosha mtu kuyasoma kwa sauti.

Wanaopenda kubadilisha mandhari kwa kitambaa cha kijani wakumbuke kwamba programu huondoa rangi, haimtambui mtu. Aliyevaa shati la kijani atatobolewa kifua.

Stika usoni si kinga kamili

Vijana wengine hutumia stika kuficha nyuso za watoto kabla ya kuposti. Nia ni njema, ila kazi hukaguliwa mara chache. Stika hukaa mahali ilipowekwa. Mtoto akisogea, uso unatokea. Ni lazima iwekewe alama za mwendo ili imfuate, kisha video itazamwe taratibu mwanzo hadi mwisho. Ukungu mwepesi hauzibi vya kutosha. Na hata uso ukizibwa, nembo ya shule kwenye sare, jina kwenye daftari au sauti ikimwita mtoto kwa jina vinamtambulisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Kwa mzazi, tafsiri yake ya kila siku ni nyepesi: mtoto wa jirani asirushwe mtandaoni kabla mzazi wake hajaulizwa.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, video halisi zitunzwe kabla ya kuhaririwa. Madoido yakishahifadhiwa katika video iliyokamilika, huwa sehemu ya picha na hayabanduki. Nakala iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kompyuta au simu ya ndugu mwingine. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati ili isipunguzwe ubora.

Pili, wakubaliane mapema: aina mbili tu za mpito kwa video nzima, na kila tabaka liwe na sababu yake. Kijana akiulizwa "hii stika inafanya kazi gani hapa?" na akakosa jibu, ataitoa mwenyewe.

Tatu, video ipimwe mara mbili. Itazamwe bila sauti, kuona kama picha zinaeleweka. Kisha simu ifunikwe na isikilizwe tu, kujua kama maneno yote yanasikika.

Nne, aliyerekodiwa aonyeshwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Bibi akisema "hapa mmenikata maneno" au "hilo la ukoo msilipeleke kwa watu," neno lake litii, hata kama kijana alilala usiku wa manane akiipamba.