Daraja la Magogo Likichoka: Jinsi Daraja Jipya Linavyojengwa Msituni

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: 

Leo tunazungumzia daraja la magogo, lile la ndani kabisa msituni, kwenye barabara iliyochongwa kwa ajili ya malori ya mbao. Kama umetoka Mambasa, Walikale au Shabunda, unalijua bila kuelezwa. Na kama siku moja utarudi nyumbani kwa hiari yako, huenda ukalivuka tena. Basi ni vizuri ujue linachoka vipi, linabadilishwa vipi, na kwa nini kazi hiyo haiishi kwa wiki moja.

(KIUNGO CHA MUZIKI)

BARABARA ISIYO NA MWENYEWE

Katika misitu ya mashariki mwa Kongo, njia nyingi zilifunguliwa kwa sababu ya mbao. Mbao za Ituri, zikiwemo za libuyu, huvuka mpaka na kufika Uganda hadi Kenya. Mwenye kazi ya mbao akikuta mto, huangusha miti mikubwa, huilaza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha hupigilia mbao juu yake. Kwake yeye, daraja hilo linatosha likidumu mpaka miti ya eneo lile iishe.

Lori la mwisho likiondoka, daraja hubaki, na kijiji kimeshalitegemea. Hapo ndipo hupita mama anayekwenda kujifungua, sanduku la chanjo, mwalimu na gunia la mahindi. Lakini hakuna anayelipwa kulitunza.

Tufanye hesabu kidogo. Lori la tani 10 hubeba magunia 200 ya kilo 50. Daraja likivunjika, mzigo huo huhamia kwenye pikipiki. Pikipiki ikibeba magunia mawili, zinahitajika safari 100 kuhamisha mzigo wa lori moja. Mafuta ya safari zote hizo hulipwa na yule anayenunua unga sokoni. Ndiyo maana chakula kinaweza kuwa kingi ng'ambo moja ya mto, na ng'ambo ya pili bei iwe haishikiki.

GOGO HUOZA WAPI?

Gogo huanza kuoza pale maji yanapokaa. Sehemu ya kwanza ni kwenye ncha, pale linapolala juu ya udongo mbichi wa ukingo. Sehemu ya pili ni chini ya mbao za juu, ambako matope na majani hukusanyika. Mchwa nao hula kwa ndani. Kwa hiyo gogo linaweza kuonekana zima kwa nje huku moyo wake umekwisha.

Fundi hulipima kwa kuligonga kwa nyundo. Gogo zima hutoa mlio mzito, na lililooza hulia kama ngoma. Akiwa na shaka, hulitoboa kwa keekee na kutazama unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mgumu, kuna matumaini. Ukitoka umelowa na mweusi, gogo limekufa.

Adui mwingine ni mto wenyewe. Maji ya mafuriko huchimba chini ya ukingo, na gogo zima kabisa linaweza kuanguka kwa kukosa pa kulalia. Wakazi wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuleta maafa makubwa mjini.

(SAUTI YA MAJI YA MTO)

KAZI YA KUBADILISHA DARAJA

Kwanza ni usalama. Katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mabomu hutegwa mara nyingi karibu na madaraja, kwa sababu kila mtu lazima apite hapo. Wataalamu wa kutegua mabomu hukagua kingo zote mbili kabla mtu hajachimba hata shimo moja.

Pili ni kupima. Fundi hupima upana wa mto, kisha huwauliza wazee wa kijiji swali muhimu sana: katika mafuriko makubwa mliyoyaona, maji yalifika wapi? Daraja jipya lazima likae juu ya alama hiyo. Mara nyingi huwa refu kuliko la zamani, kwa sababu misingi yake husogezwa nyuma, mbali na udongo uliokwisha kuliwa na maji.

Tatu ni misingi. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Hujengwa kwa zege, au kwa masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28. Ukiona mafundi wamemwaga zege kisha hawapandishi chuma juu yake, usidhani wamekimbia na pesa. Na kazi hii inataka kiangazi. Kwa Kivu ya Kusini, miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Vifaa vikichelewa hadi mvua zianze, huenda kazi ikasubiri mwaka unaofuata.

Nne ni chuma chenyewe. Daraja linalotumika sana kwenye dharura huitwa Bailey, kwa jina la mhandisi Mwingereza Donald Bailey aliyelibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Limeundwa kwa fremu za chuma, kila moja ikiwa na urefu wa mita 3 hivi, kimo cha mita moja na nusu, na uzito wa kilo 260 hivi. Wanaume sita huibeba, na kila mmoja huchukua uzito usiofika gunia moja la mahindi. Fremu huunganishwa kwa pini kubwa za chuma. Kwa hiyo linaweza kujengwa hata mahali ambapo winchi haifiki.

Mafundi huliunganisha likiwa ukingoni, juu ya magurudumu ya chuma, kisha hulisukuma taratibu kuelekea ng'ambo. Siri yake ni uzani: sehemu iliyobaki nchi kavu lazima iwe nzito kuliko inayoning'inia hewani, la sivyo daraja litatumbukia. Kwa mbele hufungwa kipande chepesi kinachotangulia kugusa ukingo wa pili, kisha huondolewa.

Mwisho, magogo ya zamani hutolewa mtoni. Yakiachwa, hunasa miti inayoletwa na mafuriko, na maji huligeukia daraja jipya.

(KIUNGO CHA MUZIKI)

WEWE UFANYE NINI?

Ukifika kwenye daraja bovu ukiwa ndani ya lori, shukeni nyote mvuke kwa miguu. Watoto washikwe mkono. Lori lipite peke yake, taratibu. Mzigo ukizidi uzito ulioandikwa kwenye kibao, ushushwe. Kibao hicho hakina mjadala, hata dereva akisema jana alipita salama.

Mto ukiwa umefurika, usijaribu kuvuka kando ya daraja. Subirini maji yapungue. Na msitoke nje ya njia iliyozoeleka ukingoni.

Pini au nati moja ya daraja ikiuzwa kama chuma chakavu, daraja zima limeuzwa. Ukiona imetolewa, mwambie chefu wa kijiji siku hiyohiyo.

Na kama unafikiria kurudi kwa hiari, kabla ya kujiandikisha uliza maswali haya: Tutapita njia gani? Madaraja yake yanabeba lori la uzito gani? Lori litaishia wapi, na tutatembea umbali gani? Wazee, wagonjwa na wajawazito watavushwa vipi? Una haki ya kujibiwa kabla ya kuamua.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kule mlikotoka, ni daraja gani likivunjika kijiji hukatika?
2. Nani alikuwa akilitunza, na alilipwa na nani?
3. Mkirudi, nani atasafisha matope juu ya mbao kabla ya mvua?

Jadilianeni na majirani.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)