Mimbari si semina

Mwezi wa pili mwaka 2019 nilisimama katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa Butembo, upande wa Katwa, kutoa somo juu ya ugonjwa wa Ebola. Nilikuwa na makaratasi 14 ya Kifaransa, kompyuta ya kuazima na tai mpya. Nilikuwa nimehubiri zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kusimama mbele ya watu halikuwa jambo geni kwangu. Nilipofika dakika ya 20 jenereta ilizimika. Hilo si neno, kwetu jenereta huzimika. Nikaendelea kwa sauti yangu. Ndipo mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtoto mgongoni, akainua mkono: "Pasta, wewe mwenyewe umekwisha kuchanjwa?"

Nilikuwa sijachanjwa. Jina langu lilikuwa katika orodha, kwa maana nilikuwa nimeitembelea nyumba yenye mgonjwa, na mara mbili wahudumu wa afya waliniita nikasema nitakuja kesho. Badala ya kusema hivyo, nilianza kueleza juu ya imani, juu ya hekima, juu ya Mungu anayewatumia madaktari. Nilisema dakika nne nzima bila kujibu. Watu wa kwetu wana adabu, hakuna aliyenizomea. Walinyamaza tu. Wengine walianza kuangalia viatu vyao, na nikajua kwamba somo limekwisha pale pale, ingawa nilibaki na makaratasi sita mkononi.

Siku hizi wanafunzi wa theolojia na viongozi wa vijana wananiuliza mara nyingi, hapa na kule Beni: "Pasta, tunapewa somo la kutoa katika semina, tunatetemeka. Tufanye nini ili tuwe na ujasiri?" Kila mara ninamkumbuka mama yule. Mimi sikutetemeka hata kidogo siku ile. Ujasiri nilikuwa nao tele, ila ulikuwa ujasiri wa mimbarini, na semina si mimbari.

Shuleni tulifundishwa kutayarisha mahubiri: kusoma andiko, kutafuta kiini chake, kulipanga katika sehemu, kutafuta mifano. Ni kazi nzuri na bado inanisaidia. Lakini mimbarini hakuna anayeinua mkono. Ukikosea, watu wanasema "Amina" na wanakwenda nyumbani. Katika semina watu wamekuja wakiwa na haki ya kukukatiza, kukupinga na kukuuliza juu ya maisha yako. Anayetayarisha maneno yake peke yake, asitayarishe maswali yao, ametayarisha nusu ya kazi.

Sisi wa Beni na Butembo tulijifunza hayo kwa bei kali. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Wagonjwa wa kwanza kujulikana walikuwa Mangina. Kwa Kongo lilikuwa pigo la kumi la ugonjwa huo, kwa jimbo letu la kwanza. Lilipotangazwa kuisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Na chanjo ilikuwapo tangu mwanzo. Madaktari hawakukosa elimu. Mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa kuieleza mbele ya watu, akasikiwa, akaaminiwa.

Kumbukeni hali tuliyokuwamo. Huko Beni watu walikuwa wakichinjwa tangu mwezi wa 10 mwaka 2014. Mwisho wa 2018 nchi yote ilipiga kura, Beni na Butembo tukaambiwa tungoje hadi mwezi wa tatu, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Halafu wanafika watu wenye magari mapya, na jina lao lote ni "Riposte". Kwa Kifaransa neno hilo ni la kujibu pigo, ni neno la vita. Nani alifikiri kuleta neno kama hilo kwa watu waliochoka na vita? Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019 daktari Richard Mouzoko, ndugu kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo, akiwa katika mkutano wa kazi. Kwa hiyo tunaposema "somo la semina" tusifikiri ni mambo ya shule tu. Katika miezi ile, mtu aliyetoka ukumbini bila kuamini alikwenda kumficha mgonjwa wake ndani ya nyumba.

Waliofanya vizuri walifanyaje? Jambo moja lilinifungua macho. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita katika mitaa, na kabla ya kufundisha waliandika yale watu waliyoyasema, kama yalivyosemwa. Maswali yalikuwa ya namna hii: Kwa nini mmeleta Ebola na hamkuleta amani? Kwa nini malaria na surua vinaua watoto wetu na hatuoni magari? (Surua peke yake iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yote kwa muda wa mwaka mmoja hivi, tangu 2019.) Kwa nini mlitunyima kura? Picha ya virusi ukutani, hata iwe na rangi nzuri namna gani, haijibu hata moja katika hayo.

Tangu hapo ninafanya hivi. Nikipewa somo, ninachukua kaye tupu, na siku tatu za kwanza siandiki neno langu hata moja. Ninamwuliza kijana wa pikipiki, mama wa sokoni, muuguzi, mzee mmoja wa kanisa na mtu mmoja asiyekuja kanisani: "Nitafundisha juu ya jambo hili. Wewe unataka kujua nini? Ni nini kinachokukasirisha?" Hilo la pili ndilo linaloleta mali. Ninaandika majibu kwa lugha waliyotumia. Yakifika ishirini, utaona mengine yanarudiarudia, na yale yanayorudi ndiyo yatakayokungoja ukumbini. Ndipo ninafungua vitabu. Mara nyingi ninagundua kwamba nusu ya yale niliyotaka kufundisha hakuna aliyeyauliza.

Kisha ninatafuta sentensi moja. Si kichwa cha somo, ni sentensi ambayo mtu ataibeba hadi nyumbani. Kwa mfano wa Ebola, nilipaswa kusema hivi: "Mgonjwa akifika mapema kwenye kituo, ana nafasi kubwa ya kupona." Hiyo inatosha siku nzima. Na kila sentensi ya namna hiyo inahitaji mguu wa kusimamia. Mguu wake tunao, tena ni wa hapa kwetu. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2018 dawa nne zilijaribiwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8 mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mbili zinashinda nyingine. Mojawapo ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kwa kazi ambayo profesa wetu Muyembe alishiriki. Katika waliotibiwa kwa dawa hizo mbili wakiwa na virusi vichache tu damuni, karibu 9 katika kila 10 walipona. Angalieni namna ya kusema: 9 katika 10. Ukisema "asilimia" mama wa sokoni anakuacha hapo, ingawa kwa hesabu za faranga anakushinda wewe.

Jambo la lugha nitakaa nalo kidogo, maana ndilo linaloangusha wasomi wetu. Tunasoma kwa Kifaransa, tunafundisha kwa Kiswahili, na watu wanalia na kuota kwa Kinande. Ukitayarisha kwa Kifaransa ukitumaini kutafsiri kichwani ukiwa umesimama, utatetemeka, na sababu ni kwamba unafanya kazi mbili kwa mara moja. Tayarisha kwa lugha utakayoisema. Neno likikosa, lieleze. Wakati wa Ebola walisema "contact", na wengi hawakuelewa kama ni jina la ugonjwa au la kosa. "Mtu aliyegusana na mgonjwa" ni maneno marefu zaidi, lakini hakuna anayeyaogopa. Mkitumia mtafsiri, mpe maandiko yako siku moja mbele, mkae pamoja, mkubaliane juu ya maneno magumu. Someni Nehemia sura ya 8: Ezra anasoma, Walawi wanaeleza maana katikati ya watu mpaka waelewe. Ezra alikuwa mwandishi mkubwa, na bado hakuona aibu kusaidiwa.

Baada ya hayo, fanya mazoezi kwa sauti, saa iko mezani. Kichwani kila somo ni fupi. Mimi nikifikiri nina dakika 20, mdomoni zinakuwa 35. Mke wangu ananisikiliza akichambua maharagwe, na akiacha kuchambua ninajua sentensi ile ni nzuri. Akiniuliza "Unasema nini hapo?" ninaifuta. Kwetu muda si adabu tu. Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na Beni wanajua maana ya kurudi nyumbani giza likiingia. Semina inayochelewa kumalizika inamweka mtu njiani saa mbaya, na tangu saa kumi hakusikii tena, anahesabu njia yake. Ukipewa saa moja, sema dakika 25 na uwaachie watu zinazobaki.

Siku yenyewe, fika mapema ukae katika benchi la nyuma. Kutoka hapo utajua kama ubao unaonekana. Usitegemee umeme, jambo lisiloweza kuandikwa kwa chaki huenda halina haja ya kuandikwa. Salamu za wakubwa, ambazo kwetu zinaweza kula robo saa, mwachie mwongozaji. Sentensi zako tatu za kwanza zijue kwa moyo, maana mtetemeko unakaa katika dakika ya kwanza. Ukiivuka unapungua wenyewe. Mikono ikitetemeka, shika chaki, weka karatasi mezani, kwa sababu karatasi inaonyesha mtetemeko mara mbili. Chagua nyuso tatu, moja kushoto, moja katikati, moja kulia, uziangalie kwa zamu. Sema polepole kuliko unavyotaka. Na tafadhali, usipige meza kwa mkono kama tunavyofanya katika mahubiri. Niliona Beni ukumbi mzima ukiruka kwa kishindo kama hicho, na watoto wakaanza kulia. Wengi waliokaa mbele yetu wamekimbia vijiji vyao.

Halafu maswali yanakuja, na hapo ndipo watu wanaamua kama watakuamini. Nilijifunza kurudia swali kwa sauti ili wote walisikie, bila kulipunguza ukali. Mtu akisema "Mnakula pesa za wagonjwa wetu", usirudie ukisema "Ndugu anauliza juu ya matumizi ya fedha". Atajua umemwibia swali lake. Kisha jibu kwanza, eleza baadaye. Neno la kwanza liwe "ndiyo", "hapana" au "sijui". Hilo la tatu linawaogopesha vijana wengi, wanafikiri litawashusha. Mimi nimeona kinyume, ila kwa sharti moja: uliandike swali katika kaye mbele ya macho yao, useme siku utakayoleta jibu, na siku hiyo urudi kweli, hata mvua ikinyesha. Usiporudi, mara ya pili usiende kabisa, mtume mwingine.

Mimi nilirudi Katwa baada ya juma tatu, katika ukumbi ule ule, bila kompyuta. Sikuanza na virusi. Nilisema: "Mara ile mama mmoja aliniuliza kama nimechanjwa, na sikumjibu. Jibu lilikuwa hapana. Niliogopa. Sasa nimechanjwa, karatasi yangu ni hii." Nikaipitisha mkononi kwa mkono. Ilichukua muda mrefu kuzunguka, kila mmoja aliisoma, hata wasiojua kusoma waliigeuzageuza. Mama yule alikuwapo, mahali pale pale karibu na mlango.

"Iliuma?" akauliza.

"Ndiyo. Mkono uliuma, na homa siku mbili."

Akafikiri kidogo. "Na bibi yako?"

"Yeye alinitangulia," nikasema, na ukumbi wote ukacheka, mama naye akacheka, akamshusha mtoto mgongoni akamweka magotini ili akae vizuri. Ndipo nikaanza somo.