Theluji Inapouonyesha Upepo

Swali lilitoka Tanga, Jumapili moja ya Januari, kwenye simu ya video. "Mjukuu wangu, hivi huko unasomea nini hasa?" Mwenzetu anasomea uhandisi, lakini Kiswahili chake, kama cha wengi wetu klabuni, ni cha jikoni. Akajibu, "Mambo ya hewa, bibi." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hewa nayo inasomewa.

Tulicheka, halafu tukaona haya, kwa sababu hata sisi tusingemjibu vizuri zaidi. Basi tukaketi tukatafuta maneno.

Kule Rosemount, kusini mwa Saint Paul, Chuo Kikuu cha Minnesota kilijenga mtambo wa Eolos wa kuzalisha umeme kwa upepo, wa megawati 2.5. Mapanga yake yalipozunguka yalichora duara lenye upana wa mita 96. Upepo ukishapita hapo hautoki kama ulivyoingia. Aliyewahi kutazama nyuma ya boti ameona maji yanavyobaki yakivurugika. Hewa nayo huvurugika vivyo hivyo, ila haionekani. Mtambo uliosimama nyuma ya mwenzake hupata upepo uliochoka, wenye visulisuli: umeme unapungua na mapanga yanatikiswa. Kule karibu na Ziwa Turkana, Kenya, mitambo iko 365, kwa hiyo si jambo dogo.

Sasa, kitu kisichoonekana utakipimaje? Ukiweka kipimo juu ya nguzo, kitakwambia habari za pale kilipo tu. Ukitaka kuona eneo zima, unahitaji chembe nyepesi zinazochukuliwa na hewa, mwanga wa kuzimulika, na kamera. Unapiga picha mbili kwa kufuatana haraka sana. Kompyuta inalinganisha picha hizo na kuona chembe zimesogea umbali gani. Umbali ukigawanywa kwa muda, umepata kasi. Hakuna kilichoigusa hewa ila chembe hizo na mwanga.

Maabara hilo ni jambo la kawaida. Lakini nani atajaza moshi angani nyuma ya mtambo mrefu kuliko ghorofa ishirini? Jiarong Hong na wenzake, kutoka maabara ya St. Anthony Falls iliyo pale kwenye Mto Mississippi, waliitumia theluji ile ile tunayoilalamikia kila asubuhi tukisubiri basi. Usiku, theluji ikianguka, waliwasha taa kubwa ya kumulika na kuutandaza mwanga wake uwe pazia jembamba. (Tulibishana: shuka au pazia? Pazia likashinda.) Visulisuli vinavyotoka kwenye ncha za mapanga vikaonekana kama matundu meusi ndani ya weupe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature Communications.

Jumapili iliyofuata mwenzetu alimsomea bibi maelezo haya. Bibi hajawahi kuona theluji kwa macho, lakini hakuhitaji. "Kumbe ni kama vumbi," akasema, "asubuhi jua likipenya dirishani." Sisi tulikuwa tumehangaika wiki nzima bila kuufikiria mfano huo.

Kisha akauliza, theluji ikiyeyuka wanafanyaje? Hilo tulikuwa tayari nalo. Ndani ya maabara, kwenye maji hutiwa vijipira vidogo mno vya kioo, kwenye hewa hupulizwa matone ya mafuta, na pazia hutengenezwa kwa leza.